Nyumba za Korido za Nyasho na Ndoto ya Chuo Kikuu

Ukitaka kuijua hali ya nyumba ya zamani, iingie saa sita mchana, funga mlango na madirisha, kisha ngoja macho yazoee giza. Tazama juu. Katika nyumba moja ya Nyasho, mtaa wa mji wa Musoma, niliyoikagua hivyo, bati lilikuwa limetoboka karibu kila palipopita msumari, na jua likapenya kwenye vijitundu hivyo na kutua sakafuni vidoa vidoa. Dari haikuwapo. Ukutani, maji ya mvua yalikuwa yamechora michirizi ya rangi ya udongo kuanzia kwenye kenchi hadi usawa wa goti. Nilipogonga plasta kwa kifundo cha kidole ilitoa sauti ya debe tupu, dalili kwamba ilikwisha kuachana na tofali siku nyingi. Mwenyeji wangu, mjukuu wa mzee aliyeijenga, hakuniuliza kama nyumba ni nzima. Aliniuliza: "Nikiipiga skimu na jipsamu, wanafunzi watakuja?"

Swali hilo linaulizwa na wengi Nyasho, na si la bati na saruji peke yake. Limebeba chuo, sheria, mirathi na maisha ya watu ambao tayari wanalala ndani ya vyumba hivyo.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nyumba ya korido kila mtu anaijua: mlango wa mbele, ukumbi mwembamba unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu uani penye jiko, bafu na choo, na pengine vyumba vya uani vilivyoongezwa baadaye. Umbo hili lilisafiri kutoka pwani na kuenea katika miji ya bara, na sababu kubwa ya kuenea kwake ni kwamba tangu mwanzo ni nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili, vinne vinampa kodi. Hahitaji kubomoa ukuta wala kuomba mchoro mpya ili aingize wapangaji wasiojuana. Anayefikiria kuibomoa ili ajenge hosteli ajue kwamba anabomoa hosteli.

Ndoto ya wanafunzi inatoka Butiama. Huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho watu wa Mara wamekisubiri kwa zaidi ya muongo mmoja. Kimo miongoni mwa vyuo vya umma vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Ni jambo la kufurahia, tena kwa moyo wote: mkoa aliozaliwa Mwalimu ulistahili chuo kikuu chake siku nyingi. Lakini kutoka Nyasho hadi Butiama ni kilomita zipatazo 40, na hapo ndipo hesabu ya wengi inapoteleza.

Mwanafunzi hupanga pale miguu yake inapofika. Tazama Mwanza kwa jirani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilipokua pale Malimbe, vyumba vya kupangisha vilichipuka Malimbe penyewe, Nyegezi na Sweya, mahali ambapo mtu anatoka darasani saa mbili usiku na kufika kwake bila kupanda gari. Dodoma ilikuwa na hadithi nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilijengwa pamoja na mabweni makubwa, na aliyejenga vyumba mjini akiwategemea wanafunzi alikuta wengi wao wanalala chuoni. Hata Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Sinza, Msewe na Changanyikeni zimeishi kwa kodi za wanafunzi miaka mingi, serikali ilifungua mabweni mapya mwezi Aprili 2017 yenye nafasi 3,840. Fikiria ni vyumba vingapi vya mtaani vilivyopoteza wapangaji kwa mpigo. Mtu wa Nyasho anayeweka akiba yake yote kwenye marumaru kwa matumaini ya Butiama amebashiri mambo mawili asiyoyatawala: kwamba mabweni ya chuo yatakuwa machache, na kwamba mwanafunzi atakubali kulipa nauli kwenda na kurudi kila siku. Mimi sioni hata moja kati ya hayo ambalo ningelitilia shilingi yangu.

Je, basi nyumba za Nyasho hazina mpangaji? Zinao, tena wako mjini sasa hivi. Musoma ni makao makuu ya mkoa. Ina Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, ina VETA, ina chuo cha afya, na kule Kwangwa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, yenye wauguzi, wataalamu na wanafunzi wa vitendo. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo chake cha mkoa, ingawa hicho hakijazi chumba, kwa sababu mwanafunzi wake husomea nyumbani na kuja mjini kwa shughuli za siku chache. Wanafunzi wa vyuo vya kati wamekaa kivulini katika mazungumzo haya, kana kwamba mpangaji mwenye heshima ni yule wa digrii tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo. Maana yake mpangaji wa stashahada, aliyekuwa akitegemea mahindi ya baba peke yake, sasa anaweza kuwa na fedha ya malazi.

Halafu kuna kundi ambalo wenye nyumba wengi hulifukuza mlangoni bila kujua wanachokifanya: wanafunzi wa field. Vyuo vikifunga kati ya Julai na Septemba, chumba cha mwanafunzi wa kawaida hubaki kitupu. Miezi hiyohiyo wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi nzima wanatawanyika kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo halmashauri, hospitali, mashuleni, na Musoma huwapokea kama mji mwingine wowote wenye ofisi za mkoa. Wanakuja na begi moja. Wanatafuta chumba cha wiki nane. Wanakutana na dalali anayewaambia kodi ni miezi sita, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Wanaishia kubanana wanne kwa ndugu wa rafiki. Mwenye nyumba aliyeweka kitanda, godoro, meza na ndoo mbili angeweza kuijaza miezi yake mikavu kwa kundi hili peke yake, na wala asihitaji jipsamu.

Sasa mfuko wa mpangaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo kamili hupewa fedha ya chakula na malazi, bumu, Sh10,000 kwa siku tangu mwaka 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa Sh8,500. Fedha hiyo haiji kila mwezi bali kwa awamu, na wiki za mwisho kabla ya awamu nyingine ni za uji na mihogo. Ndani ya elfu kumi hiyo mna chai, ugali, bando, fotokopi na kitanda. Kumdai mtu huyu kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo ni kumwomba alipe kwa fedha ambayo hajapewa. Anayetaka wapangaji hawa apange malipo yake yafuate kalenda ya bumu na muhula, yaani miezi miwili miwili, au kwa muhula. Atakusanya kidogo kwa wakati mmoja lakini atakusanya.

Nichukue mfano, na tarakimu ni zangu za kupigia hesabu tu. Nyumba ina vyumba sita. Ukarabati wa lazima, yaani paa, choo, maji, umeme na sakafu, unakula milioni 9. Chumba kinapangishwa kwa Sh40,000, miezi tisa kwa mwaka. Hiyo ni Sh2,160,000. Ondoa kodi ya mapato ya pango ya asilimia 10, ondoa Sh18,000 ya kodi ya jengo, inabaki kiasi cha Sh1,926,000. Gharama inarudi kwa karibu miaka mitano. Sasa ongeza dari ya jipsamu, marumaru na madirisha ya alumini mpaka gharama ifike milioni 18, na kodi ya chumba uipandishe iwe Sh60,000. Vyumba vyote sita vikijaa, utasubiri zaidi ya miaka sita. Vyumba viwili vikikosa mtu, kwa sababu wenye uwezo wa elfu sitini ni wachache, vinne vilivyobaki vitakuletea Sh240,000 kwa mwezi, sawasawa na vile sita vya elfu arobaini. Milioni tisa za urembo zimekwenda, mapato hayakusogea hata kidogo.

Kwa hiyo ukarabati uanzie wapi? Juu. Paa likivuja, kila kitakachowekwa chini yake kitaoza. Hapa nina neno la kuwatetea wazee: mabati mengi ya zamani yalikuwa mazito kuliko haya ya geji 30 na 32 tunayouziwa leo, na si kila paa lenye kutu limekufa. Fundi mwaminifu atatenganisha karatasi iliyolika na ile iliyotoboka kwenye misumari tu. Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye mbao. Chukua bisibisi, choma kenchi pale inapokalia ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza kazi, na kuweka bati jipya la msauzi juu ya mbao hiyo ni kumkabidhi mpangaji mtego.

Ukuta nao una adabu yake. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa tofali za udongo, mbichi au za kuchoma, zikaunganishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta nzito ya saruji pande zote mbili, maji yakishaingia chini au juu hayana pa kutokea. Udongo unalainika ndani na plasta inabanduka kwa vipande vikubwa. Zanzibar wamelipia somo hili kwa uchungu. Majengo ya Mji Mkongwe yaliyojengwa kwa mawe na chokaa yamekuwa yakiharibiwa na viraka vya saruji kwa miongo mingi, na mafundi wa uhifadhi hawachoki kusisitiza kurudi kwenye chokaa. Tena kukarabati jengo kongwe ni kazi ya hatari: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la zamani la sultani, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nyumba ya Nyasho si jumba la sultani, lakini ukuta uliobeba paa miaka 50 ukiutoboa ili upitishe mlango wa choo cha ndani bila lenta, utakujibu kwa lugha hiyohiyo. Kazi ya kuhamisha kuta inahitaji kibali cha manispaa, na kibali hicho ndicho kinachomleta mhandisi aangalie kabla, badala ya polisi kuja kuangalia baada.

Choo nitakisema kwa kirefu zaidi, maana ndicho kinachoamua. Binti mmoja aliyewahi kupanga katika nyumba ya korido aliniambia alikuwa akiweka ndoo chumbani. Choo kilikuwa uani, hatua ishirini kutoka mlango wa nyuma, mlango wake ulikuwa gunia, na taa haikuwapo. Katika vyumba vingine walilala wanaume asiowajua, na mmoja alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kibaraza cha nyuma mpaka usiku wa manane. Hakuwahi kumfanyia lolote. Lakini kwa muhula mzima, baada ya saa mbili usiku, yule binti hakutoka. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani, balbu moja na swichi iliyo ndani ya korido, bafu lenye ukuta unaopita urefu wa mtu: hivi vyote pamoja ni sehemu ndogo ya gharama ya dari moja ya jipsamu. Ningekuwa na uwezo wa kuwaamrisha wenye nyumba jambo moja tu Nyasho nzima, ningeamrisha hilo. Na kama fedha ipo, jenga matundu mawili, la wanawake na la wanaume, yenye maji ya kumwaga na karo la maji taka lililo mbali na msingi.

Maji hayana kisingizio. Mji umekaa ubavuni mwa ziwa, na mamlaka ya maji ya Musoma, MUWASA, ina chanzo na mtambo wake pale Bukanga. Bomba likishafika kiwanjani, kilichobaki ni simtanki juu ya kichanja imara na koki inayofungika. Umeme ndio wenye ugomvi. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU ina kesi kila wiki: huyu ana pasi, yule ana jiko la umeme, wa tatu anadai yeye ana balbu tu na simu. Submita kwa kila chumba hupunguza maneno. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi, sasa ni Sh1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, basi anamlipia, na wenye nyumba wengi wanajifanya hawajui. Iandikwe kwenye mkataba kwamba itarudishwa au itapunguzwa kwenye kodi ya chumba. Ni fedha ndogo, lakini mpangaji anaihesabu.

Nimesema "mwenye nyumba" mara nyingi, na hapo ndipo penye fundo kubwa kuliko yote. Nyumba nyingi za zamani hazina mwenye nyumba mmoja. Zina marehemu. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji Majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za korido za udongo na bati zilikuwa chini ya kiwango hicho, zikabaki mikononi mwa familia. Mzee akafa, mama akafa, watoto saba wakatawanyika: mmoja Mwanza, wawili Dar es Salaam, mwingine Tarime, na aliyebaki ndiye anayekusanya kodi. Mirathi haikufunguliwa, au ilifunguliwa na msimamizi akateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, akaelewa kwamba kuteuliwa ni kukabidhiwa nyumba iwe yake. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa.

Matokeo yake unayaona mtaani. Kaka mwenye kazi anatuma fedha, mafundi wanaezua upande mmoja. Simu zinaanza kulia. Dada anauliza kwa nini hakushirikishwa. Mdogo mtu anasema ukarabati ni mbinu ya kujimilikisha. Mafundi wanasimama, mvua za masika zinaingia kwenye upande uliofunuliwa, na nyumba iliyokuwa ikivuja sasa inabomoka. Nimeona upande mmoja una bati jipya linalong'aa na mwingine una turubai kwa misimu miwili mfululizo. Tofali hazikukosekana pale. Kilichokosekana ni karatasi moja ya kikao cha familia yenye sahihi za wote, inayosema nani ametoa kiasi gani, kwamba kodi itamrudishia kwanza aliyetoa, na baada ya hapo itagawanywa kwa mafungu fulani.

Na dada awe kwenye karatasi hiyo kwa fungu kamili. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka binti nyuma katika urithi, na bado wapo wanaolishika kama msahafu vikaoni. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Pamoja na sheria kuna haki ya kawaida kabisa: mara nyingi ni binti aliyewauguza wazee katika nyumba hiyohiyo.

Wamebaki wale wasioulizwa. Chumba cha tatu kushoto, katika nyumba niliyoanza nayo, anakaa mama anayeuza dagaa sokoni. Amepanga hapo miaka kumi na minne. Kodi yake ni ndogo kwa sababu chumba chake kinavuja, na kinavuja kwa sababu kodi yake ni ndogo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna baraza litakalomzuia mwenye nyumba kupandisha kodi; mpangaji wa mwezi hadi mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja, basi. Yeye ndiye amekuwa akilipa kila mwezi, Julai hata Septemba, bila kwenda likizo. Ndiye aliyemjua mwizi wa simtanki la jirani kwa sauti ya kikohozi.

Nilimshauri mjukuu aanze na vyumba viwili vya uani ambavyo havina mtu, pamoja na choo na taa yake, aone kama wanafunzi watakuja. Fedha ya viwili hivyo ndiyo iezue paa la mbele, chumba baada ya chumba, na zamu ya mama ikifika ahamie uani wiki mbili na kurudi kwake. Kodi ipande kidogo, si kwa kuruka. Mjukuu alinyamaza akipiga hesabu kwa vidole. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la dagaa, amesikia yote. Akauliza kama taa ya choo itawekwa kabla ya masika.